Bendera Tatu, Mzigo Mmoja

Wasomaji wapenzi, kazi ya katekista si kufundisha sala na amri peke yake. Mara nyingi twaitwa kusikiliza mashauri ya nyumba za watu, na humo twakutana na mambo ambayo hatukufundishwa seminarini. Si zamani sana kijana mmoja wa parokia yetu hapa Kisangani alitaka kumwoa binti wa jirani. Wote wawili walikuwa wamebatizwa, wamemaliza mafundisho ya ndoa, na mahari ilikuwa imekwisha kupatanwa. Ndipo babu wa binti alipokataa. Alisema mbele ya watu wote: "Baba Katekista, simtoi mjukuu wangu kwa ukoo ule. Babu yao alikuwa mtumwa wa Waarabu." Mzee wa upande wa pili hakunyamaza. Akajibu: "Na babu yako wewe je? Si alikuwa askari wa Bula Matari, aliyekuja kutuchomea vijiji?" Mazungumzo yakaishia hapo, nasi tukarudi nyumbani na huzuni.

Usiku ule tulijiuliza: wazee hawa wagombania nini? Mambo waliyotajiana yamepita zaidi ya miaka mia moja. Waliotenda wamekufa, na waliotendwa wamekufa. Lakini jeraha lingali lauma, na sasa lataka kuvunja ndoa ya watoto ambao hawakumfunga mtu wala kufungwa na mtu. Basi tuliona yafaa kuandika habari yenyewe kwa utaratibu, ili tujue ni nani aliyefunga watu hapa, ni nani aliyesema kwamba amewafungua, na kama kweli aliwafungua.

MLANGO WA MTO

Kwanza tupajue mahali penyewe. Mto wetu, ambao upande wa juu huitwa Lualaba, hushuka kutoka Ubundu mpaka Kisangani kwa maporomoko saba, mwendo wa kilomita mia moja hivi. Poromoko la mwisho li karibu na mji. Hapo Wagenia huchomeka miti mikubwa kati ya miamba, huifunga kwa kamba za msituni, na kutega madema yao katika maji yaendayo kasi. Chini ya hapo hakuna mwamba wa kuzuia merikebu mpaka Kinshasa, safari ya kilomita zaidi ya 1,700.

Kwa hiyo mahali hapa ni mlango. Atokaye mashariki kwa miguu, hapa aona mto ulio wazi kwenda magharibi. Atokaye magharibi kwa merikebu, hapa azuiwa na mawe. Aliyeushika mlango huu aliweza kushika biashara ya pande zote mbili. Hiyo ndiyo sababu wakubwa wa mbali, ambao wengine wao hawakuiona kamwe nchi yetu, walipagombania hapa.

Tusidhani kwamba kabla yao nchi hii ilikuwa paradiso. Wagenia walivua samaki, Walokele walisafiri kwa mitumbwi na kupelekeana habari kwa ngoma za mti, Wakumu na Wambole walilima na kuwinda msituni. Walikutana sokoni na kubadilishana vitu vyao. Lakini vita vilikuwapo, na watumwa pia walikuwapo. Mtu aliyetekwa vitani, au aliyetolewa na jamaa zake kwa kulipa deni, aliishi katika nyumba ya mwingine bila haki yake kamili. Mara nyingi wanawe waliingia katika ukoo ule, ila asili yao haikusahauliwa. Hilo ndilo shimo lililokuwapo. Wageni walilipanua mpaka likameza vijiji vizima.

Wala tusidhani kwamba watu wa Maporomoko ndio peke yao waliopatwa. Kwenye mdomo wa mto uu huu, upande wa bahari ya magharibi, watu waliuzwa kwa Wareno tangu miaka ya 1500. Afonso wa Kwanza, mfalme Mkristo wa Kongo, alimwandikia mfalme Mkristo wa Ureno mwaka 1526, akilalamika kwamba wafanyabiashara wawakamata watu wake, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe. Biashara haikukoma. Wataalamu wa siku hizi wakadiria kwamba watu milioni 12 na nusu hivi walipakiwa katika merikebu za Atlantiki kutoka Afrika, katika muda wa karne nne hivi. Basi mtu akisema kwamba utumwa ulikuwa dhambi ya Waarabu peke yao, hajui habari. Na akisema kwamba ulikuwa dhambi ya Wazungu peke yao, yeye naye hajui habari.

BENDERA YA KWANZA

Bendera ya kwanza ilikuwa nyekundu, ya Sultani wa Unguja. Katika karne ya 19 Unguja na Pemba zilijaa mikarafuu, na kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Wakati uo huo Ulaya na Marekani zilitaka sana pembe za ndovu, kwa kutengeneza vibao vya piano, mipira ya mchezo wa biliadi, vitana na mipini ya visu. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan, walikopesha mali. Wafanyabiashara wa pwani waliingia bara na nguo, shanga, baruti na bunduki, wakavuka Ziwa Tanganyika mpaka Maniema.

Huku kwetu ng'ombe na punda wa kubeba mizigo hawakuweza kuishi, kwa sababu ya mbung'o. Gari halikuwapo, wala barabara. Pembe lilitoka msituni juu ya bega la mtu, mwendo wa miezi mingi. Ndiyo maana biashara ya pembe na biashara ya watu zilikwenda pamoja. Pembe lilihitaji bega, na bunduki iliyotafuta pembe ilitafuta bega pia. Mateka wengine walifika pwani. Wengine wengi walibaki njiani, katika mashamba ya mpunga ya Nyangwe na Kasongo, au walifanywa wake na watumishi wa mabwana wao.

Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone, msafiri na mmisionari wa Uskochi, alikuwa Nyangwe kando ya Lualaba. Siku ile ilikuwa siku ya soko. Watu wa wafanyabiashara wakaanza kupiga bunduki katikati ya umati, na wanawake wakajitupa mtoni kukimbia risasi. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwachoma watu mioyo, na ilisaidia kumlazimisha Sultani Barghash afunge soko la watumwa la Unguja, tarehe 5 Juni 1873. Lakini kufungwa kwa soko la pwani hakukuzima bunduki za bara.

Mkubwa wa wafanyabiashara hao alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sisi sote twamjua kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja, mwenye damu ya Kiarabu na ya Kiafrika pia. Watu wake wengi hawakuwa Waarabu hata kidogo. Walikuwa watu wa pwani, Wanyamwezi, na Wamaniema waliotekwa wangali watoto, wakalelewa, wakapewa bunduki, wakatumwa kuwateka wengine. Jambo hili lafaa likumbukwe na wazee wetu wawili. Aliyefungwa jana alipewa kamba ya kumfungia mwenzake leo.

Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alikutana na Tippu Tip, akamwahidi dola 5,000 ili amsindikize chini ya mto. Tippu Tip alikwenda naye sehemu ya njia, kisha akarudi. Stanley aliendelea, akapita maporomoko yetu mwezi wa Januari 1877, akipigana na watu wa kando ya mto, mpaka akafika bahari ya magharibi. Basi njia ya Maporomoko ilifunguliwa na hao wawili, na baada yao wote wawili waliirudia: mmoja akishuka na karavani, mwingine akipanda na merikebu.

Stanley aliporudi mwezi wa Desemba 1883, akitumwa na Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alikuta vijiji vimechomwa kando zote mbili za mto. Alifika kwenye kambi ya watekaji, akaandika kwamba mateka waliokuwamo walikuwa kama 2,300, wanawake na watoto. Wanaume wengi walikuwa wamekwisha kuuawa au kukimbia. Stanley hakuwafungua mateka wale. Alifanya mapatano na wenyeji, akamwacha fundi mmoja Mskochi, jina lake Binnie, pamoja na askari wachache katika kisiwa kimoja, akashuka mto tena. Huo ndio mwanzo wa stesheni ya Maporomoko ya Stanley, ambayo baadaye iliitwa Stanleyville, na tangu mwaka 1966 yaitwa rasmi Kisangani.

MWANAMKE MMOJA

Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yalikuwa yamemkubalia Leopold kuwa mtawala wa nchi yote, ikaitwa Dola Huru la Kongo. Bendera yake ilikuwa ya buluu na nyota moja ya dhahabu. Wakubwa wa Ulaya waliokutana Berlin walikuwa wameahidi kwa maandishi kusaidia kuukomesha utumwa. Basi stesheni yetu ndogo ilikuwa mahali pa kuijaribu ahadi hiyo.

Haikuchukua muda mrefu. Mwaka 1886 mwanamke mmoja mtumwa alimkimbia bwana wake Mwarabu, akajificha stesheni. Bwana akamtaka. Mkuu wa stesheni, Mwingereza jina lake Deane, akakataa kumtoa. Mwezi wa Agosti wakapigana siku kadhaa. Risasi zilipokwisha, askari wengi walikimbia kwa mitumbwi. Deane akaichoma stesheni, akatoroka msituni, na wenyeji wakamsaidia mpaka alipookolewa. Mwenzake Mbelgiji, Dubois, alikufa maji.

Wasomaji wapenzi, tusimame kidogo hapa. Vitabu vyataja majina ya Deane, Dubois na Tippu Tip. Huyu mama huitwa "mwanamke mtumwa" tu. Lakini kwa siku zile yeye ndiye alikuwa swali lote la nchi hii: je, mtu aliyekimbia utumwa arudishwe, au asirudishwe? Deane, pamoja na makosa yake, alijibu: Asirudishwe.

Mfalme wake akajibu vingine. Tarehe 24 Februari 1887, huko Unguja, Stanley alifanya mapatano na Tippu Tip kwa jina la Leopold. Tippu Tip akafanywa Wali wa Maporomoko, kwa mshahara wa paundi 30 kila mwezi. Alipaswa kupeperusha bendera ya buluu yenye nyota, na kuzuia utekaji wa watu hapo Maporomoko na chini yake. Biashara yake mwenyewe aliruhusiwa kuiendesha. Miezi michache baadaye akafika, na bendera ikapandishwa. Mtu aliyekuwa mkubwa wa wafanyabiashara wa watumwa akawa sasa mkubwa wa serikali, na watu wa kando ya mto, walioamka asubuhi na kutazama juu, waliona kitambaa kimebadilika rangi.

BENDERA YA PILI

Twajua kwamba wako watu wa Ulaya waliouchukia utumwa kwa moyo wa kweli. Mwaka 1888 Papa Leo wa 13 aliwaandikia maaskofu wa Brazili akaulaani utumwa, naye Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alihubiri Paris, London na Brussels juu ya mateso ya watu wa Afrika. Maneno yake yaliwaliza wengi. Mwaka 1889 mataifa yakakutana Brussels kwa shauri hilo.

Leopold alikuwa mwenyeji wa mkutano ule. Alisema kwamba vita dhidi ya utumwa vyahitaji fedha, na mataifa yakamruhusu kutoza ushuru wa bidhaa ziingiazo Kongo. Lakini mwaka 1891 serikali yake iliwaamuru maofisa wake wajipatie pembe na mpira wote kwa ajili ya dola. Hapo wafanyabiashara wa Kiarabu na mfalme wakawa washindani wa mali moja. Vita vikaanza mwaka 1892. Ofisa Dhanis aliiteka Nyangwe mwezi wa Machi 1893, na Kasongo mwezi wa Aprili. Hapa kwetu, Rashid, jamaa ya Tippu Tip aliyekuwa Wali baada yake, aliishambulia stesheni mwezi wa Mei 1893. Ofisa Chaltin akafika kwa merikebu, na watu wa Rashid wakashindwa. Tippu Tip mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Unguja, ambako alikufa mwaka 1905.

Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa ya Waafrika. Ngongo Lutete, aliyekuwa jemadari wa Tippu Tip, alihamia upande wa dola mwaka 1892, akalisaidia sana kushinda. Mwezi wa Septemba 1893 maofisa wa dola hilo hilo walimshtaki kwa uhaini, wakampiga risasi. Hiyo ndiyo shukrani aliyoipata.

Na watumwa je? Utekaji mkubwa wa watu kwa karavani za pwani ulikoma kweli, na jambo hilo lilikuwa jema. Tusilikane. Lakini tuangalie walivyofunguliwa. Dola lilikuwa limewakomboa kwa fedha watumwa wengi, hata kutoka mikononi mwa Tippu Tip. Waliitwa "watu waliofunguliwa". Lakini sharti la kufunguliwa lilikuwa kulitumikia jeshi la dola miaka saba. Mtu hakuulizwa kama ataka. Alitoka katika mkono wa bwana mmoja akaingia katika mkono wa bwana mwingine, akapewa bunduki, akatumwa vijijini kudai mpira.

Basi, mzee aliyemtukana mwenzake kuwa mjukuu wa mtumwa, na mzee aliyemtukana mwenzake kuwa mjukuu wa askari, huenda wanamsema mtu wa namna moja. Askari wengi wa Bula Matari walikuwa watumwa wa jana.

Habari za mpira zimekwisha kuandikwa na wengi. Kijiji kilipewa hesabu ya kilo. Kilichopungukiwa kilichapwa viboko, wanawake wake walifungwa mpaka waume walipe, na mahali pengi watu walikatwa mikono. Mwaka 1903 balozi wa Uingereza, Roger Casement, alipanda mto akasikiliza mashahidi. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1904. Tume ya waamuzi iliyotumwa na Leopold mwenyewe ilithibitisha mengi mwaka 1905. Sheria ya 1903 ilisema kwamba mwenyeji alifanyie dola kazi saa 40 kwa mwezi. Vijijini, kwa kwenda mbali msituni kutafuta mpira, zilikuwa nyingi kuliko hizo.

Kuna jambo linalotuuma sisi watu wa Kanisa, wala si haki tulifiche. Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Moyo Mtakatifu, alianzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli hapa Maporomoko siku ya Noeli ya mwaka 1897. Katika misheni za siku zile walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani. Humo walipata chakula, shule na ubatizo. Wengi walipona kwa sababu hiyo. Lakini ile tume ya 1905 ililaumu mashamba ya wamisionari wa upande wa Kwango, ikisema kwamba watoto waliwekwa humo bila hiari yao, wakafanyishwa kazi. Na mashtaka makubwa juu ya mpira yaliletwa zaidi na Waprotestanti kuliko na sisi. Walikuwapo Wakatoliki waliosema kweli, kama Padri Arthur Vermeersch, Mjesuiti wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1906 aliandika kitabu cha kuukosoa utawala wa mfalme. Lakini hawakuwa wengi. Anayewafundisha wengine kuungama, naye hana budi kuungama.

BENDERA YA TATU

Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ilitolewa mkononi mwa mfalme, ikawa koloni la Ubelgiji. Bendera ikawa nyeusi, manjano na nyekundu. Mambo mengine yalitengenezwa kweli. Ukatili wa mpira ulipungua. Zahanati na shule zikaongezeka, nyingi za misheni. Reli kutoka upande wa kushoto wa mto mpaka Ponthierville, ambayo sasa yaitwa Ubundu, ilikuwa imekamilika mwaka 1906, ili mizigo ipite maporomoko bila kubebwa kwa mabega.

Lakini bega halikupumzika. Katika vita kuu ya kwanza, majeshi ya Kongo yalipokwenda kuiteka Tabora mwezi wa Septemba 1916, yalihitaji wapagazi wengi sana, na wengi hawakurudi kwao. Tangu mwaka 1917 vijiji vya Maniema na vya nchi yetu vililazimishwa kulima pamba, na bei ya pamba haikupangwa na mkulima. Sheria ya mwaka 1933 ilitia siku 60 kwa mwaka za kilimo cha lazima na kazi nyingine. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, siku zikawa 120. Asiyetimiza alitozwa faini, au alifungwa, au alichapwa. Wazee wetu walikuwa na neno moja kwa hayo yote: kazi ya Bula Matari. Jina hilo, Mvunja Mawe, alipewa kwanza Stanley, kisha likawa jina la serikali. Wenyeji hawakuona haja ya kutafuta jina jipya kila bendera ilipobadilika.

Tarehe 30 Juni 1960 bendera ya tatu ilishushwa. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta katika mji huu, akawa Waziri Mkuu wa kwanza, na kabla ya mwaka kwisha kutoka siku ile alikuwa amekwisha kuuawa, tarehe 17 Januari 1961. Mji huu umeona damu nyingi tangu hapo. Sisi tulikuwa watoto mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji, nchi isiyo yao, na almasi za soko letu zilikuwa mojawapo ya sababu. Mamia ya raia walikufa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliiamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile vya 1998 mpaka 2003. Twalitaja hili kwa sababu mlango wa mto ungali mlango, na wapo wanaoutamani.

LUGHA YETU

Huenda msomaji atauliza: je, hakuna kilichobaki ila maumivu? Kipo, nacho ki mdomoni mwetu. Kiswahili tunachoandika sasa kilifika Maporomoko pamoja na karavani. Kilikuwa lugha ya mwenye bunduki akimwamuru mwenye kamba shingoni. Lingala ililetwa na askari na merikebu za serikali. Kifaransa kilitoka ofisini. Kila lugha tuliyo nayo mjini, zaidi ya lugha za makabila yetu, ililetwa na bwana fulani.

Lakini watu walizichukua wakazifanya zao. Huku bara Kiswahili kiliitwa Kingwana, yaani lugha ya Wangwana. Na mngwana maana yake ni nani? Ni mtu aliye huru, asiye mtumwa. Wengi wa waliojiita Wangwana hapa Maporomoko walikuwa wametekwa utotoni kutoka Maniema na kwingineko. Walipojua lugha, na kuvaa kanzu, walijipa jina la watu huru. Wengine watawacheka. Sisi hatuwacheki. Mtu aliyenyang'anywa jina la baba yake, akajitafutia jina lisemalo "mimi si mtumwa", amesema jambo ambalo mataifa yaliyokutana Berlin na Brussels yalichelewa kulisema. Wajukuu zao wangali hapa; wengine ni Waislamu, wengine ni Wakristo, na sote twapatana bei sokoni kwa lugha ile ile.

NENO LA MWISHO

Katika habari hii yote tumejifunza kuuliza maswali matatu. La kwanza si "Ni bendera ya nani?", bali "Ni nani anayebeba mzigo?" La pili: "Je, aweza kukataa?" La tatu: "Mali yaenda wapi?" Tukiyauliza maswali haya, twaona kwamba Wali, mfalme na koloni hawakuwa sawasawa katika kila jambo, lakini walikutana katika jambo moja: mbebaji hakuulizwa. Na tukiyauliza leo, kwenye machimbo, kwenye mashamba, hata katika nyumba zetu wenyewe ambamo mtoto wa ndugu maskini afanyishwa kazi bila shule, huenda tukaona haya.

Tuliwarudia wazee wetu wawili. Hatukuwahubiria sana. Tuliwasimulia habari ya yule mwanamke wa 1886, na ya watu waliofunguliwa wakapewa bunduki miaka saba. Kisha tukamwuliza babu wa binti: "Mzee, babu yako askari alitoka wapi kabla ya kuwa askari?" Alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe akasema: "Hakutuambia. Tulipomwuliza, alitufukuza." Mzee mwenziwe, ambaye siku ile ya kwanza alikuwa na maneno mengi, hakusema neno. Alisogeza kiti chake karibu.

Ndoa ilifungwa. Yule mzee wa kwanza alikuja kanisani akakaa nyuma, na kwenye karamu alikula lituma na samaki kama watu wote. Hatuwezi kusema kwamba moyo wake umepona kabisa. Hayo ayajua Mungu. Lakini neno "mtumwa" hatujalisikia tena katika nyumba ile. Wasomaji wapenzi, likisikika katika nyumba zenu, msimfukuze mtoto aulizaye. Mwambieni habari yote. Aliyefungwa hana aibu. Aibu ni ya kamba na ya mkono ulioishika. Na mama yule aliyekimbilia stesheni, ambaye vitabu havikumpa jina, twaweza sisi kumwita mngwana.